Fundi wa gramafoni wa Kabwe, Mbeya: amenirudishia sauti ya Donna Summer

Nianze na bei, maana najua wengi ndicho mnachokitafuta. Mkanda mpya wa gramafoni, ule unaozungusha sahani, ni shilingi 25,000. Sindano 65,000, na hiyo ilibidi iagizwe Dar es Salaam, ikaja na basi. Ufundi 40,000. Kusafisha santuri na kuiingiza kwenye flashi ni 6,000 kwa santuri moja, pande zote mbili. Mimi nilikuwa na santuri nne, kwa hiyo jumla nilimlipa 154,000, mbali na kazi moja ya ziada nitakayoitaja mwishoni. Hakupunguza hata mia, na sikumwomba apunguze. Mimi ni mshonaji, nimekaa nyuma ya cherehani tangu 1984, na najua fundi aliyebanwa bei huifidia wapi: kwenye mshono wa ndani, ule ambao mteja hauoni mpaka nguo imefuliwa mara mbili.

Fundi mwenyewe yuko Kabwe. Ukishuka kwenye daladala usielekee sokoni Mwanjelwa. Shika uchochoro wa wauza viatu vya mtumba, ukimpita mama anayechoma mahindi hesabu fremu ya tatu mkono wa kushoto. Hana kibao. Nje ameegemeza maspika makubwa yaliyotolewa vitu vya ndani. Ukipotea uliza "yule kijana wa redio za zamani", watakupeleka hadi mlangoni. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, anaamkia kila anayeingia hata kama kichwa kimezama ndani ya amplifaya, na meza yake ni safi. Meza niliiona kabla sijamwona yeye. Skrubu ziko kwenye vifuniko vya soda, na kila kifuniko kina kikaratasi kimeandikwa zimetoka kwenye mashine ya nani. Nikasema moyoni, hapa nitaacha mzigo wangu.

Mzigo wenyewe ulikuwa gramafoni ya marehemu kaka yangu. Kaka alifanya kazi TAZARA. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na yeye aliijua sehemu ya huku kwetu mpaka Zambia kama anavyoujua uwanja wa nyumbani. Wanaokumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera watakumbuka maduka yalivyokuwa matupu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kitambaa cha suruali unakitafuta mwezi mzima. Santuri mpya ya Ulaya au Marekani ungeipata wapi? Kaka alizileta kutoka Zambia moja moja, amezifunga katikati ya blanketi ili zisivunjike. Ya kwanza ya Donna Summer, yule malkia wa disko wa Marekani, ilikuwa I Remember Yesterday ya 1977. Halafu ikaja Bad Girls ya 1979, santuri mbili ndani ya jalada moja. Ya mwisho She Works Hard for the Money ya 1983. Mimi nilikuwa binti wa miaka 16 ilipotoka Bad Girls, na kazi yangu ya kwanza ya ushonaji, kabla hata sijajifunza rasmi, ilikuwa kumtanulia kaka suruali za kawaida ziwe bugaluu, ili Jumamosi aende nazo disko na viatu vyake vya raizoni.

Kaka alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini wifi aliniita, akanionyesha boksi na gramafoni chini ya kitanda, akasema, "Wifi, hivi ni vyako, wewe ndiye uliyekuwa unazicheza." Nikavibeba mpaka nyumbani kwa bajaji, nimevipakata.

Kabla ya huyu wa Kabwe nilikwenda kwa fundi mwingine, sitasema ni nani wala wapi. Nataka tu mjue alichofanya, ili mkikiona kwenye mashine zenu mkitambue. Mkanda wa zamani ulikuwa umeyeyuka, umekuwa kama lami. Yeye akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakiunganisha kwa gundi, akakivisha. Sindano ilipokuwa inaruka, akabandika sarafu ya shilingi mia juu ya kichwa cha mkono wa sindano ili iwe nzito. Akawasha, muziki ukatoka, akaniambia, "Mama, imepona."

Haikuwa imepona. Mimi ni sauti ya pili kanisani, alto, miaka mingi sasa. Donna alikuwa ameshuka. Si kidogo, ameshuka kama nusu toni nzima, yaani hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, na sauti ilikuwa inayumba. Kwenye Bad Girls kuna wimbo unaitwa Dim All the Lights, ambao aliutunga mwenyewe peke yake, na ndani yake kuna noti moja anaishika kwa kama sekunde 16 bila kupumua. Noti hiyo naijua tangu nikiwa binti. Inasimama. Kwa fundi yule ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anaimba huku amekalia kiti cha nyuma cha daladala kwenye barabara ya vumbi. Mwenye cherehani anaijua hali hiyo: mkanda ukilegea au ukiwa na kifundo, mguu unakanyaga sawasawa lakini gurudumu la juu linafuata linapotaka. Nilimweleza. Akanijibu kwamba santuri za zamani ndivyo zilivyo, tena muziki wenyewe ni disko, nani anasikiliza noti kwenye disko.

Nimelibeba neno hilo miezi minane. Nani anasikiliza noti kwenye disko.

Nilipofika Kabwe kijana alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa mashine. Halafu akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na fundi yeyote wa umeme: "Mama, ni upande gani wa santuri unaujua zaidi kwa kichwa?" Nikamwambia wa pili wa Bad Girls, unaoanza na wimbo ule wa noti ndefu. Akauweka. Tukasikiliza wote wawili, yeye amefumba macho. Noti ilipoyumba alinyanyua kidole kabla yangu.

Kisha akanionyesha namna ya kupima, na hili naliandika kwa kirefu kwa sababu mnaweza kulifanya nyumbani bila kifaa chochote. Santuri kubwa inatakiwa izunguke mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Maana yake mizunguko 100 kamili ni dakika 3. Akabandika kikaratasi cheupe pembeni mwa sahani ya mashine, akawasha saa ya simu, tukaanza kuhesabu kila kikaratasi kinapopita mbele yetu. Wateja wawili waliokuwa wamekuja na redio zao wakaingia kuhesabu nao. Tulipofika 100 saa ilisoma dakika 3 na sekunde 11. Akachukua kalamu, akapiga hesabu pembeni ya gazeti, akasema, "Nusu toni, mama. Umesema kweli." Nilikuwa karibu kulia pale kwenye benchi.

Alitoa tyubu. Akatoa sarafu, akaikwangua gundi yake kwa subira, akanirudishia sarafu yangu mkononi. Akaeleza kwamba mkono wa sindano unatakiwa uikandamize santuri kwa uzito wa gramu 2 hivi basi, na sarafu ile ilikuwa inachimba mifereji ya santuri kama jembe. Ana kimizani kidogo cha kupimia dhahabu, alikinunua kwa mchimbaji wa Chunya, na ndicho anachopimia uzito wa sindano. Alipofungua chini akakuta grisi ya tangu enzi za kiwandani imeganda. Kwa baridi yetu ya Juni hapa Mbeya, alisema, mashine kama hizi asubuhi huamka polepole, mpaka grisi ilainike. Akaifuta yote, akaweka mafuta mepesi matone mawili. Mkanda mpya ulipovaa, kulikuwa na tundu dogo chini ya mota lenye skrubu ya kurekebishia mwendo. Akaigeuza kidogo, tukahesabu. Akaigeuza tena, tukahesabu. Mara ya nne ilikuwa dakika 3 kamili.

Wakati wa kuhesabu ndipo aliponiuliza, "Mama, huyu anayeimba ni nani hasa?"

Nilifurahi kuulizwa. Vijana wanalijua jina, wengi wanajua mdundo kwa sababu umeshachukuliwa na kupachikwa kwenye nyimbo za siku hizi, lakini mtu mwenyewe hawamjui. Nikamwambia alizaliwa Boston, Marekani, 31 Desemba 1948, jina lake LaDonna Adrian Gaines, mmoja wa watoto saba. Baba alikuwa muuza nyama, mama mwalimu. Alianza kanisani. Alipokuwa na miaka kama 10, mwimbaji aliyekuwa apande mbele hakutokea, akasimamishwa yeye. Hilo linanigusa kwa sababu kwaya zote ndivyo zinavyopata waimbaji wake; asubuhi mtu mkubwa ana mafua, na mtoto wa mstari wa nyuma anasukumwa mbele. Mwaka 1968, akiwa na miaka 19, akaenda München, Ujerumani, kuimba katika mchezo wa jukwaani wa Hair, kwa Kijerumani. Akabaki huko miaka kadhaa, akajua lugha, akaolewa na mwigizaji wa Austria aitwaye Helmuth Sommer, akamzaa binti yao Mimi. Ndoa iliisha lakini jina alibaki nalo kwa matamshi ya Kiingereza: Summer.

Kijana alicheka aliposikia kwamba malkia wa disko la Marekani alipikwa Ujerumani. Ndivyo ilivyo. Huko München alikutana na Giorgio Moroder, Mwitaliano, na Pete Bellotte, Mwingereza, na kwa pamoja mwaka 1975 wakatoa Love to Love You Baby, ambao toleo refu linakaribia dakika 17 na kujaza upande mzima wa santuri. BBC iliukataa. Nyumbani kwetu ulikatazwa na mama, ingawa mama Kiingereza hakukijua. Alisikia mihemo, ikatosha. Na hapo ndipo watu wengi walipomwacha Donna, kwenye mihemo hiyo. Yeye mwenyewe alipookoka, mwishoni mwa miaka ya sabini, aliacha kuuimba jukwaani kwa miaka mingi. Mimi simlaumu kwa kuuimba wala kwa kuuacha. Ninachokataa ni mtu kuniambia kwamba yule hakuwa mwimbaji.

Spika moja ilikuwa kimya. Fundi wa kwanza aliniambia spika imekufa, ninunue nyingine. Wa Kabwe akanitaka nichague wimbo wenye kazi pande zote mbili, nikampa I Feel Love, wimbo wa mwisho kwenye I Remember Yesterday. Albamu ile inatembea kwenye zama, inaanza na milio ya miaka ya arobaini, inapita ya sitini, na huo wa mwisho ulikusudiwa uwe muziki wa wakati ujao. Karibu kila kitu ndani yake kimetoka kwenye sintesaiza ya Moog, mashine ya umeme ya kutengeneza milio. Ngoma kubwa ndiyo iliyopigwa na mtu, Keith Forsey, kwa mguu wake, kwa sababu mashine haikuweza kutoa kishindo cha kuridhisha. Besi inarudiwa kwa mwangwi: noti inatoka spika hii, mwangwi wake unajibu spika ya pili, haraka haraka, mpaka inakuwa kama watu wawili wanatwanga kinu kimoja. Spika moja ikinyamaza, unasikia mtwangaji mmoja tu. Miaka yote ambayo kaka alikuwa mgonjwa na mashine ilikuwa hivyo, alikuwa anasikia mchi mmoja.

Fundi akafungua kichwa cha sindano. Kuna nyaya nne mle ndani, nyembamba kama uzi wa kudarizi: nyeupe, nyekundu, buluu, kijani. Wa buluu ulikuwa umekatika pale unapoungana, umebaki unagusa na kuachia. Akauvua ngozi yake kwa ukucha, akaulehemu kwa tone dogo kuliko punje ya ulezi, akapulizia pumzi. Akarudisha sindano.

Mchi wa pili ukajibu.

Sijui nieleze vipi kwa ambaye hajausikia. Fremu yenyewe ni ndogo, mita tatu kwa mita mbili, imejaa harufu ya lehemu na mahindi ya kuchoma ya mama wa nje, na katikati yake ile sauti ya Donna inaelea juu, nyepesi, ya kichwani kabisa, haina haraka hata kidogo wakati mashine chini inakimbia. Wale wateja wawili wa redio walinyamaza. Mama wa mahindi akaja mlangoni na kipepeo chake mkononi. Fundi akaniambia, "Mama, huu ni wa mwaka gani?" Nikasema 1977. Akarudia, "Elfu moja mia tisa sabini na saba," polepole, kama anasoma namba ya mita.

Kusafisha santuri anafanya vizuri pia, isipokuwa mnunue maji wenyewe. Anatumia maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, anafuata mifereji kwa mduara na haigusi karatasi ya katikati. Kusuuza anataka maji yaliyochujwa, yale ya kuongezea kwenye betri yasiyo na asidi, kwa sababu ya bomba huacha chumvi. Wakati anaziosha nilimsimulia kisa cha Chicago. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa Comiskey Park, katikati ya mechi mbili za besiboli, watu walioichukia disko walikusanya santuri kwenye kasha uwanjani, wakazilipua. Umati ukavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Kijana aliacha kusugua. "Walizilipua kwa baruti? Santuri nzima nzima?" Nzima nzima. Na huku kaka alikuwa anazifunga kwenye blanketi kuvuka mpaka wa Tunduma. Lakini chati ya nyimbo za Marekani ya Billboard ya tarehe 14 Julai, siku mbili tu baadaye, ilikuwa na wimbo Bad Girls wa Donna Summer namba moja, na ukakaa hapo wiki tano. Katika albamu ileile, Hot Stuff ukampa tuzo ya Grammy ya uimbaji wa roki kwa wanawake, ya kwanza kabisa kutolewa katika kundi hilo. Ya roki, si ya disko. Waliosema hajui kuimba na wajibu hilo.

Upande wangu ni wa tatu wa Bad Girls. Kumbini hakuna aliyeupiga, kwa sababu nyimbo zake ni za taratibu na watu walilipa kiingilio waje kucheza. Nilikuwa nausikiliza peke yangu mchana, kaka akiwa safarini. Pale anaimba kama mtu aliyekulia kanisani, anaiacha sauti ikae kifuani na haisukumi. Ndiyo maana sikushangaa miaka ya themanini alipochukua Grammy mbili kwa nyimbo za imani, mmoja wao He's a Rebel, uliomo kwenye She Works Hard for the Money. Kwa jumla alipata Grammy tano.

Sasa kasoro. Aliniambia siku 9, zikawa 16. Kuanzia siku ya kumi simu yake ilikuwa haipatikani, na nilipanda daladala mara mbili bure kutoka Sokomatola. Sababu ilikuwa sindano kuchelewa Dar es Salaam, na ningeelewa vizuri kabisa kama angenipa ujumbe mmoja. Risiti haandiki, mpaka umwombe, na hata hivyo ni karatasi ya daftari. Asije akanikasirikia; mimi mteja nikimwahidi gauni Ijumaa na likawa halijaisha, Alhamisi ninampigia.

Kasoro ya pili ilikuwa kwenye flashi. Hot Stuff na Bad Girls kwenye santuri zimeungana, ngoma haikatiki, wimbo mmoja unamwagikia mwingine. Yeye kompyuta yake ilizikata, ikaweka kimya cha sekunde mbili katikati. Nilifika nyumbani, nikachomeka flashi, nikawasha cherehani, na mguu wangu ukasimama pale pale kwenye kimya. Nikarudi siku ya pili yake. Hakubisha. Alisikiliza, akasema, "Kweli mama, nimekata kitambaa kilichotakiwa kukunjwa," akaingiza upande mzima upya mbele yangu bila malipo. Umeme ukakatika dakika ya kumi na mbili. Uliporudi hakuunganisha vipande, alianza upande ule tangu mwanzo. Niliondoka pale saa moja usiku, mama wa mahindi ameshafunga. Nikamwambia "ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, akajibu kwa Kinyakyusa kizuri ambacho sikukitegemea.

Ombeni faili kubwa ambazo hazijabanwa, na pamoja nazo ndogo za kusikiliza kwenye simu na redio ya gari. Bei ni ileile, ila yeye hatoi kubwa mpaka umwambie.

She Works Hard for the Money aliirudia mara tatu, na si kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nimemsimulia ulivyozaliwa wimbo ule: Donna alikuwa kwenye sherehe ya baada ya Grammy, kwenye mgahawa mkubwa Los Angeles, akaingia msalani akamkuta mwanamke mhudumu wa pale amesinzia kwa uchovu, televisheni ndogo inawaka. Akamtungia wimbo, na akamweka yule mwanamke mwenyewe kwenye picha ya nyuma ya jalada, wamevaa sare pamoja. Nikampa jalada aone. Alilitazama muda mrefu, akasema mama yake anauza viazi Uyole, anaamka saa tisa usiku. Akaomba alipige picha kwa simu amtumie. Mimi Mei 2012 nilikuwa nakata kola za mashati ya shule redio ilipotangaza kwamba Donna amefariki tarehe 17, Naples, Florida, saratani ya mapafu, miaka 63. Niliendelea kukata, kwa sababu mashati yalikuwa arobaini na shule ilikuwa inafungua Jumatatu.

Santuri hiyo ya 1983 ina mkwaruzo. Usiku wa harusi yangu, 1986, kaka alikuwa anacheza karibu mno na meza, kiwiko kikagonga mkono wa sindano ukateleza upande hadi upande. Tangu siku hiyo inalia tik, tik, kila mzunguko, na kwa mwendo sahihi mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Fundi alisema mifereji iliyokatwa harudishi mtu, ila kwenye kompyuta anaweza kuzifuta tik moja moja, kazi ya siku nzima, shilingi 10,000 zaidi. Akanipigia sekunde thelathini za mfano, zimesafishwa, laini kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Nilimwambia afute kwenye nakala ya simu. Ile ya nyumbani aiache ilivyo.